Majibu ya Shangazi Kwenye Flashi

Pale gereji wanamwita Sailensa. Si kwamba anafunga sailensa, hapana. Hiyo ni kazi ya jamaa wa kibanda cha pili, yule anayenuka moshi hata siku ya mapumziko. Yeye ni fundi wa redio za magari, na jina alipewa kwa sababu mwenyewe hatoi mlio. Unaweza kukaa naye tangu anafungua kibanda mpaka jua linaanza kulegea, ukasikia bisibisi yake, ukasikia nyaya zikichunwa, ukamsikia akipuliza vumbi kwenye dashibodi ya mtu, lakini neno? Hulipati.

Ana kigugumizi. Na si kile cha kuteleza kidogo kwenye herufi halafu safari ikaendelea. Chake kinafunga barabara. Neno linafika mlangoni, linakuta kumefungwa, linagonga, linagonga tena, na wale wanaosikiliza wanaona bora wamsaidie. Wanamalizia wao. Na wakimalizia wanakosea. Anataka chai, anaanza "ch-ch-ch", mtu keshakimbia kumletea chaja. Anaipokea chaja, anaichomeka, maisha yanaendelea. Ana chaja nyingi sana.

Shuleni ndiyo ilikuwa kazi. Mwalimu akiita majina asubuhi, jibu ni "Nipo!" Sasa hiyo "Nipo" yake ilikuwa inatoka wakati mwalimu keshavuka watoto kadhaa mbele, kwa hiyo inaangukia kwa mwenzake aliyebaki nyumbani anaumwa. Mwisho wa muhula ripoti ikaenda kwao ikisema mtoto huyu haonekani shuleni. Mama yake, ambaye alikuwa anamsindikiza mpaka getini kila siku ya Mungu, alikwenda pale na fimbo. Ya mwalimu, si ya mtoto. Watu walimshika mkono njiani.

Lakini mpe simu ya kuandika, ndugu yangu, halafu ukae mbali. Kwenye kundi la familia yeye ndiye moto. Kuna siku mjomba wao alituma picha ameegemea gari la kifahari, miwani ya jua, mkono mmoja mfukoni, chini ameandika "Mungu ni mwema". Watu wakaanza hongera, hongera mjomba. Sailensa akaandika: "Mjomba, mwenye gari anaomba usogee, anataka kuondoka." Mjomba hakuonekana kwenye kundi kwa muda mrefu. Aliporudi alibadilisha picha.

Hata kazi yake anaifanya hivyo hivyo. Ukishafungiwa redio mpya kuna somo, maana redio za siku hizi si zile za kuzungusha kitufe na kutafuta stesheni. Hizi zinapokea simu, zinacheza nyimbo kutoka kwenye simu bila waya, na zina vitufe mpaka kwenye usukani. Mteja asipofundishwa, kesho yake anarudi analia kwamba redio ni mbovu. Sasa Sailensa anaketi kiti cha abiria, mteja kwenye usukani, na somo linaingia kwa maandishi.

"Mama, fungua bluetooth kwenye simu yako," anamwandikia mteja aliyekaa pembeni yake kabisa, bega kwa bega. "Utaona jina la redio. Liguse. Pole pole, halijakukosea."

Mama anagusa. Redio inalia *tin!*

"Sasa inaomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu. Ukikubali, mtu akipiga, jina lake litatokea hapo mbele kwa herufi kubwa. Kwa hiyo kama kuna mtu umemwandika USIPOKEE, gari zima litamsoma."

Mama anafikiri kidogo, anakataa ruhusa. Wanaangaliana, wanacheka. Wateja wanampenda. Wengine wanarudi kwa visingizio tu, eti sauti ya kushoto imepungua, kumbe wanataka kuchekeshwa.

Mwenzake kazini ni binamu yake, mtoto wa mjomba, na huyo wanamwita Spika. Sihitaji kueleza kwa nini. Spika ndiye anayeita wateja, anayepatana nao, anayepokea simu, anayemtukana jamaa wa sailensa akileta moshi. Mdomo wake hauna breki. Simu ya Sailensa ikiita, Spika anaipokea. Sailensa akiombwa maelezo, Spika anayatoa. Ukimwuliza Sailensa hali, Spika anasema "mzima huyu". Imekuwa hivyo tangu wako wadogo, na hakuna aliyewahi kuuliza kama Sailensa anapenda.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa. Ndani yake kuna dada mmoja, koti jeupe, kalamu nyuma ya sikio, ambaye gereji nzima wanamwita Vidonge. Siku ya kwanza alivuka barabara na hasira zake. Sailensa alikuwa anajaribu spika kubwa za mteja, mpaka chupa za dawa kule dukani zinacheza kwenye rafu.

"Wewe kaka! Wagonjwa wangu wanakuja na homa, wanaondoka na kichwa! Hebu punguza!"

Sailensa akafungua mdomo. Mlango umefungwa. Spika naye, kwa bahati nzuri, alikuwa ameenda kununua maji. Basi Sailensa akatoa simu, akaandika, akamwonyesha kioo: "Kwa hiyo wanakuja wakiwa na ugonjwa mmoja na wanaondoka wakinunua dawa za magonjwa mawili. Asante yangu iko wapi?"

Vidonge alitaka kununa. Alijitahidi kweli. Ikamshinda, akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Kuanzia siku ile wakawa wanachati, huyu huku na yule kule, barabara katikati, kila mmoja anamwona mwenzake anavyotabasamu kwenye simu kama mwehu. Baadaye wakaanza kula pamoja mchana. Baadaye tena wakaanza kuzungumza mambo ya kuoana. Hayo yote yalikwenda vizuri, bila haraka, mpaka wakafika kwa Shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea Vidonge tangu anatambaa. Anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, anashona nguo. Hasomi meseji. "Macho yangu ni ya kutunga uzi," anasema, "si ya kufukuzana na herufi za sisimizi." Mtu anayemtaka mtoto wake lazima aongee naye kwa simu, na Shangazi anamsikiliza sauti. Kabla ya Sailensa kuna mwingine alijaribu bahati. Jamaa alipokea simu ya Shangazi huku anatafuna karanga. Hakufika hata swali la pili.

"Acha mimi nimweleze kabla," Vidonge alimwambia Sailensa. "Nimwambie tu, Shangazi, mwenzangu anaongea hivi na hivi, mvumilie."

Sailensa akakataa. Aliandika: "Usimwambie. Watu wamenisemea maisha yangu yote. Hili nitalisema mwenyewe."

Vidonge akasoma, akamwangalia. "Mwenyewe kabisa? Kwa mdomo?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Jumamosi asubuhi atakupigia. Na maswali yake nakupa bure, maana hayabadiliki. Anaanza salamu, anauliza hali, wazazi, kazi, pombe, sala, kisha anauliza umenipendea nini. Kwa mpangilio huo huo. Dada yangu alipitia humo humo."

Unaona jamaa alivyojifunga mwenyewe. Alipotoka pale alikuwa shujaa. Usiku mmoja tu ukapita, ushujaa ukayeyuka. Kila akijifikiria kwenye simu, Shangazi upande wa pili, yeye anagonga mlango wa "sh-sh-sh", anaona bora azime simu. Akamwambia Spika.

Hapo ndipo alipokosea. Spika hana shida isiyo na dawa.

"Binamu," Spika akasema, huku anavuta kiti. "Wewe ukiwa peke yako unagugumiza?"

Sailensa akatikisa kichwa. Hapana. Hilo ndilo jambo la ajabu. Akiwa peke yake maneno yanatoka kama maji ya bomba. Anaongea na nyaya, anaongea na redio, anaisema injini. Akitokea mtu tu, bomba linafungwa.

"Basi kwisha! Maswali unayajua. Jifungie kwenye gari, pandisha vioo, jibu moja moja, rekodi. Tunatia kwenye flashi. Shangazi akiuliza, mimi nabonyeza, redio inajibu. Ni sauti yako, ni majibu yako, uongo uko wapi?"

Sailensa akajikuna kichwa. Alijua uongo uko wapi. Ila ulikuwa umekaa vizuri, umevaa, unapendeza.

Wana gari lao la majaribio pale, kuukuu, nyuma halina viti, limejaa maboksi ya spika. Akajifungia humo. Akarekodi. Na jamani, zilitoka tamu! Sauti nzito, imetulia, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Alipojisikiliza mwenyewe aliirudia tena, maana alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake ikifika mwisho wa sentensi.

Jumamosi asubuhi wakafanya jaribio. Simu ya Sailensa imeunganishwa na redio ya gari, flashi imechomekwa kwenye redio hiyo hiyo, Spika anapiga kutoka nje akijifanya Shangazi kwa sauti ya kubana pua. "Halooo mwanangu!" Redio ikapokea simu, na hapo hapo ikanyamazisha flashi. Bonyeza tena, kimya. Bonyeza tena, kimya. Ndivyo zilivyo. Simu ikiingia, redio inaacha kila kitu na kuisikiliza simu tu. Mafundi wawili wa redio, kazi yao ni kuwaeleza watu jambo hilo kila siku, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka.

"Si tatizo," Spika akasema, na kweli kwake hakuna tatizo. Akaenda ndani, akarudi na redio nyingine ndogo ya bei ya chini kabisa, betri kuukuu, spika moja na rimoti yake. Akaipanga kwenye kiti cha nyuma kisicho kiti, juu ya maboksi. Simu itasikika kwa redio ya mbele, majibu yatatoka kwa redio ya nyuma, maiki iko pale juu ya usukani, itayameza yote. Wakajaribu jibu moja. Safi.

Kisha Sailensa akagundua kwamba jibu la tatu, lile la wazazi, lina mlio wa nyundo ndani yake, jamaa wa sailensa alikuwa anagonga. Akalirekodi upya haraka haraka. Spika akalifuta la zamani, akanakili jipya, akairudisha flashi kwenye redio ya nyuma. Na simu ikaita.

Kwenye kioo cha redio, herufi kubwa: SHANGAZI.

Sailensa akabonyeza kijani kwenye usukani. Spika amechuchumaa nyuma kati ya maboksi, rimoti mkononi, amejikunja kama mwizi wa kuku.

"Haloo?" Sauti ya Shangazi ikajaa gari zima, milango yote minne inaongea. Nyuma yake cherehani inakwenda.

Spika akabonyeza.

"Shikamoo, Shangazi," ikasema redio, kwa utulivu wa kutisha.

"Marahaba, baba. Hee, una sauti wewe! Hujambo?"

"Sijambo kabisa, Shangazi, namshukuru Mungu."

"Vizuri. Na wazazi wako, hawajambo?"

Spika akabonyeza.

"Ufundi wa redio za magari, Shangazi, na naipenda sana."

Sailensa akaachia usukani. Akageuka nyuma. Spika naye amemtolea macho. Na hapo fundi akaelewa yote kwa mkupuo. Redio hizi za bei ya chini hazijui namba wala majina. Zinacheza kwa mpangilio ule ule mafaili yalivyoingizwa. Jibu la wazazi limeingizwa mwisho, kwa hiyo limekaa mwisho, na yote yaliyobaki yamesogea hatua moja mbele. Kila mteja anaambiwa hilo. Kila mteja!

Shangazi alikuwa bado anafikiri. "Aa. Kumbe ni ufundi wa ukoo mzima. Haya, na wewe mwenyewe kazi unafanya?"

"Achaaa," Sailensa alitaka kusema, ikatoka "a-a-a". Spika, kwa hofu, kidole kikabonyeza.

"Hapana, Shangazi. Hata harufu yake siijui."

Cherehani ikasimama.

"Harufu ya kazi?" Shangazi akauliza. "Kijana, wewe unakunywa pombe?"

Spika anaitikisa rimoti kama anaifukuza. Rimoti ikajibu kwa niaba yake.

"Ndiyo, Shangazi, kila siku bila kukosa. Asubuhi nikiamka na jioni kabla ya kulala."

"Mungu wangu! Na huyo Mungu unamjua kweli?"

Spika akaona bora arudi nyuma. Akabonyeza kitufe cha kurudi, akabonyeza, akabonyeza, akarudi kupita kiasi.

"Shikamoo, Shangazi," ikasema redio.

"Tulishasalimiana!"

Spika akaruka kutoka kwenye maboksi, mkono ukapita juu ya bega la Sailensa, unatafuta kupunguza sauti, ukaangukia kitufe chekundu. *Tin.* Simu ikakatika.

Nje jamaa wa sailensa anapiga nyundo.

"Mtandao," Spika akasema, anahema. "Tutasema ni mtandao. Mimi nampigia sasa hivi, najifanya wewe, namwambia Shangazi hapa minara inasumbua..."

"T-t-t..." Sailensa akaanza.

"Tulia? Nimetulia."

"T-t-toka."

Ikafika. Spika akamwangalia kama amesikia gari likiongea. Akafungua mlango, akashuka, akasimama pale nje na rimoti yake mkononi.

Sailensa akabaki peke yake na kioo cha redio. Kimeandika simu ya mwisho: SHANGAZI, na pembeni alama ndogo ya kijani, ukitaka kupiga unabonyeza tu. Alama ile anaionyesha kwa watu wote. Yeye mwenyewe hajawahi kuibonyeza. Kwenye simu yake kuna simu zilizoingia, kuna alizoacha ziite mpaka zikachoka, lakini ambayo ameianzisha yeye, hakuna.

Akatoa simu. Akaanza kumwandikia Vidonge: "Mwambie Shangazi kwamba mimi..." Akainua macho. Ng'ambo ya barabara Vidonge alikuwa anampimia mtu dawa ya maji, anaangalia gari, anaangalia kijiko, anaangalia gari. Hajui lolote. Anaamini kwamba saa hii Sailensa analisema mwenyewe.

Akafuta alichoandika, herufi kwa herufi. Akaiweka simu kwenye kiti. Akabonyeza kijani.

Mlio wa kupiga ukajaa gari, *tuuu*, *tuuu*. Kila mlio alitamani Shangazi asipokee. Akapokea.

"Nani sasa? Yule mlevi au mwingine?"

"Sh-sh..." Mlango umefungwa. Anagonga. "Sh-sh-sh..."

Alisubiri asikie kile anachokisikia siku zote. Shikamoo? Shida gani? Shilingi? Hakikuja. Alisikia tu pumzi ya mtu na kiti cha mbao kikilia.

"Nimekaa," Shangazi akasema. "Nguo za watu ni za Jumatatu. Endelea."

"...shikamoo."

"Marahaba."

"N-n-nina k-k-k..." Lori likapita barabarani, likamaliza kupita, na bado. Shingo imesimama mishipa. Nje, Spika amejiziba mdomo kwa viganja vyake viwili, maana neno lilikuwa linamtoka. "...k-kigugumizi."

"Ahaa. Na yule wa kwanza, mwenye sauti ya taarifa ya habari?"

"M-mimi. I-ilikuwa f-flashi. N-n-nilirekodi."

"Ulirekodi majibu."

"N-ndiyo."

"Ya maswali yangu. Yule mtoto kakupa maswali!"

Upande wa pili kukawa na mlio ambao Sailensa hakuuelewa mara moja. Alidhani redio imeharibika. Shangazi alikuwa anacheka, kicheko cha chini kwa chini, kinachopanda ngazi, mpaka akakohoa.

"Haya," akasema alipopumua. "Sijafurahi, usidhani nimefurahi. Nacheka tu. Sasa tuanze upya, na safari hii yule wa redio anyamaze. Wazazi wako hawajambo?"

Akamjibu. Mama hajambo. Baba alishafariki. Ilichukua muda, Shangazi akauacha muda upite.

"Na kazi yako ni ipi?"

Hapo ndipo Sailensa alipoona kichekesho. Kilikuwa kimekaa palepale, kimejileta chenyewe. Kwenye simu angekiandika kwa dole gumba kabla hujafumba jicho. Lakini kwa mdomo? Alishajaribu zamani, na kila mara mtu alimalizia yeye, akamalizia vibaya, na hakuna kitu kibaya kama kichekesho kilichomaliziwa na mtu mwingine. Akaanza.

"N-n-nafundisha r-redio..."

"Mm."

"...k-k-kusema..."

"Mm."

"...u-u-u..."

Shangazi hakumalizia. Na ilikuwa rahisi, mtoto mdogo angemalizia. Alikaa pale, kwenye kiti chake cha mbao, akangoja.

"...u-uongo."

Kicheko kikalipuka, si kile cha chini kwa chini, hiki kilikuwa kicheko cha mlango wazi. Spika za milango yote minne zikatetemeka. Sailensa akajikuta anacheka naye, machozi yanamtoka, na hakujua kama yote ni ya kucheka.

"P-pombe s-s-sinywi," akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa. "R-redio n-ndiyo i-inakunywa."

"Nyamaza, mshenzi wewe, nitajichoma sindano kidoleni!"

Walimaliza maswali yote. Alipofika kwenye lile la umempendea nini, alijibu kwa maneno machache, na sitayaandika hapa, maana alihangaika nayo sana na ni ya kwake.

"Sikia," Shangazi akasema mwishoni. Sauti imetulia sasa, cherehani bado imesimama. "Sijasema ndiyo. Mtu aliyenidanganya asubuhi siwezi kumwambia ndiyo asubuhi hiyo hiyo, nitaonekana sina msimamo. Jumamosi ijayo nipigie. Wewe ndiye upige, mimi sipigi. Nina maswali mengine ambayo yule mtoto hayajui."

"S-s-sawa, Shangazi."

"Na mwenyewe anajua ulichonifanyia?"

"B-bado."

"Nenda kamwambie sasa hivi. Mimi nikimweleza nitatia chumvi. Haya, nguo za watu."

*Tin.*

Sailensa akazima redio. Akashuka. Spika akamfuata, "Kasemaje? Binamu, kasemaje? Amekubali? Amekasirika? Amesema nini kuhusu mimi?" Sailensa akampita. Simu yake aliiacha kwenye kiti cha gari, na alipogundua alikuwa keshafika katikati ya barabara. Akasita kidogo. Pikipiki ikampigia honi. Akaendelea mbele bila kuirudia.

Dukani kulikuwa na foleni. Mama mwenye mtoto mgongoni, kijana mwenye kidole kilichofungwa kitambaa, mzee mmoja mwenye kikohozi cha kizamani. Vidonge alimwona anaingia mikono mitupu, hana simu, shati limelowa jasho mgongoni. Akaweka bahasha ya dawa chini.

"Vipi?" akauliza. "Umemwambia?"

"N-n-nime..." Foleni nzima ikageuka. Mlango ukafungwa, akagonga. "N-nimemwambia. L-l-lakini k-kwanza n-ni-ni..."

"Ukampenda?" akabahatisha mama mwenye mtoto. "Ukamkasirisha?"

"Ukamkatia simu!" akasema kijana mwenye kidole.

"Hebu mwacheni!" mzee akafoka, akakohoa, akajishika kaunta na kusogea karibu ili asikie vizuri. "Mwacheni aseme mwenyewe. Mimi dawa yangu inaweza kungoja."